Vijana Walio Nyumbani: Afya, Ratiba na Ari ya Kusoma Hadi Shule Zitakapofunguliwa

Jumatatu, Juni 1, 2020, wanafunzi wa kidato cha sita walirejea shuleni kujiandaa na mtihani wao wa mwisho. Siku hiyohiyo vyuo vilifunguliwa na michezo iliruhusiwa tena, kama alivyokuwa ametangaza Rais John Magufuli Mei 21. Kwa kaya nyingi za wilaya hii, hata hivyo, habari hiyo njema iliishia kwa jirani. Mtoto wa darasa la saba alikuwa bado nyumbani, wa kidato cha pili alikuwa bado nyumbani, na tarehe yao ilikuwa haijatajwa.

Shule zilifungwa Machi 17, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Awali ilikuwa kwa siku 30. Katikati ya Aprili muda huo ukaongezwa bila kutajwa siku ya mwisho. Wiki za mwanzo zilipita kama likizo. Baadaye madaftari yalishika vumbi juu ya kabati, sare zilianza kubana, na wazazi walilalamika kwamba kijana analala hadi jua limepanda na jioni haonekani. Walimu walikuwa na wasiwasi wa namna nyingine. Hawakuuliza sana wanafunzi wamesahau nini. Waliuliza nani hatakuwepo kengele itakapogongwa tena.

Swali hilo ndilo lililopaswa kuwashughulisha wazazi na walezi katika majuma hayo. Watu wenye umri kati ya miaka 10 na 19, ambao Shirika la Afya Duniani huwaita vijana balehe, kwa kawaida huugua korona kwa wepesi kuliko wazee. Hatari yao kubwa zaidi iko katika siku zenyewe: siku ndefu zisizo na mpangilio, zisizo na rafiki, zisizo na mtu mzima anayeuliza "leo umefanya nini?" Kijana mwenye afya na akili nzuri anaweza kuipoteza shule katika siku kama hizo bila yeye mwenyewe kuamua kuiacha.

Kwa nini kijana hubadilika

Shule humpa mwanafunzi masomo, lakini humpa pia mambo ambayo hayaandikwi kwenye ripoti ya muhula. Humpa saa ya kuamka. Humpa wenzake wa rika lake. Humpa watu wazima wasio wazazi wake wanaomjua kwa jina. Humpa pia sababu ya kufanya jambo gumu leo kwa ajili ya kesho. Milango ya shule ilipofungwa, yote hayo yaliondoka kwa pamoja, na ni haki kusema kwamba hakuna familia iliyopewa muda wa kujiandaa.

La kwanza kuharibika huwa ni usingizi. Mtoto anapobalehe, saa ya ndani ya mwili wake husogea mbele: usingizi humjia usiku zaidi kuliko zamani, na asubuhi humwachia kwa kuchelewa. Mabadiliko hayo ni ya kimaumbile, hayatokani na uvivu. Kijana wa umri huu anahitaji kulala kati ya saa nane na saa kumi kila usiku. Wakati wa masomo kengele ya shule ilikuwa ikiizuia saa hiyo isisogee mno. Shule zilipofungwa haikuzuiliwa tena, na simu iliisukuma zaidi. Kijana analala saa saba usiku, anaamka saa nne asubuhi, na kufikia hapo nusu ya siku imekwisha na ugomvi wa kwanza umekwisha kutokea.

Wazazi wengi hujaribu kurekebisha jambo hili kwa kumfukuza kijana akalale mapema. Njia hiyo hushindikana kwa sababu usingizi hauji kwa amri. Kinachowezekana ni kuweka saa moja ya kuamka na kuishika kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na kumtoa kijana nje kwenye mwanga wa asubuhi mara tu anapoamka. Siku chache za mwanzo atapiga miayo. Baada ya hapo saa ya kulala hujirudisha yenyewe. Simu ilale sebuleni au chumbani kwa mzazi, na mzazi naye akubali kuiweka yake pembeni, maana sheria inayomhusu mtoto peke yake haidumu wiki moja.

La pili kuharibika ni ari ya kusoma. Hapa lawama nyingi huelekezwa kwa kijana, ilhali tatizo mara nyingi liko katika namna anavyoambiwa. "Nenda kasome" ni agizo lisilo na mwisho. Halisemi asome nini, kwa muda gani, wala atajuaje kwamba amemaliza. Shuleni kipindi kilikuwa na dakika 40 na zoezi lilikuwa na idadi. Nyumbani pia kazi inapaswa kuwa na ukingo: maswali matano ya hisabati kabla ya chakula cha mchana, au kurasa tatu za Biolojia kisha mapumziko. Anayemaliza kitu kidogo hupata hamu ya kuanza kingine. Anayetazama mlima mzima hukaa chini.

Jambo jingine linalosaidia ni kumwachia kijana kalamu. Ratiba aiandike yeye, mzazi aipitie na kubadilisha mawili matatu yaliyo ya lazima. Katika umri huu mtu anatafuta kuona kwamba neno lake lina uzito, na ratiba aliyoitunga mwenyewe ataitetea hata mbele ya wadogo zake. Ratiba aliyobandikiwa ukutani ataitafutia mwanya.

Kuhusu vitabu, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania ilikuwa ikirusha vipindi vya masomo kwa redio na televisheni, na taasisi hiyo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bure. Ukweli lazima usemwe kwamba katika vijiji vyetu vingi simu ya kuperuzi ni ya baba, iko mfukoni mwa baba, na baba yuko shambani. Kwa familia za namna hiyo njia ni zilezile za zamani. Daftari la mwaka jana lina kazi. Mitihani iliyopita ina kazi. Mzazi anaweza kumwendea mkuu wa shule au Afisa Elimu Kata na kuomba kuazimwa vitabu, kwani kitabu kilichofungiwa stoo hakimfundishi mtu. Wanafunzi wawili au watatu wa darasa moja wanaweza kusoma pamoja chini ya mti, wakiwa wamevaa barakoa na kuachiana nafasi ya zaidi ya mita moja. Wasizidi hapo.

Wapo pia wazazi wanaojiona hawana la kutoa kwa sababu hawakusoma. Wanakosea. Mtu anayejaribu kueleza kwa maneno yake kile alichokisoma hukikumbuka kwa muda mrefu kuliko anayerudia kukisoma kimyakimya. Kwa hiyo mama asiyejua kuandika jina lake anaweza, akichambua mchele jioni, kumwambia mwanawe amweleze mvua inavyotengenezwa au Vita ya Majimaji ilianzaje, naye akauliza "halafu?" kila anapokwama. Huo ni ufundishaji halali kabisa, na unaugharimu mfuko wa familia sifuri.

Siku ya binti na siku ya kaka yake

Tuseme kaya moja ina mapacha wa kidato cha pili, binti na mvulana. Wote wana vitabu vilevile na mtihani uleule wa taifa mbele yao. Binti anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kisimani. Akirudi anafagia, anakoka moto, anapika uji, anamwogesha mdogo wao. Mama akienda shambani, binti ndiye anayebaki na mtoto. Mchana anapika, anaosha vyombo, anafua. Alasiri anakwenda mashineni kusaga, kisha kutafuta kuni na mboga. Jioni anapika tena. Anapofungua daftari ni saa tatu usiku, taa inafifia na macho yamechoka. Kaka yake naye amefanya kazi, lakini zake zina mwanzo na mwisho: ameswaga mbuzi, amebeba gunia, kisha amepumzika.

Hakuna mzazi aliyekaa na kuamua kwamba binti asisome. Kilichotokea ni kwamba shule ilikuwa ikimwondoa nyumbani kwa saa nane, na aliporudishwa, kazi zote zilizokuwa zikimsubiri mama zilimwangukia yeye bila mtu kuzihesabu. Basi zihesabiwe. Familia ikae jioni moja, iandike nyuma ya kalenda kila kazi ya nyumba tangu alfajiri hadi usiku, na jina la anayeifanya. Katika nyumba nyingi karatasi hiyo itasema zaidi ya hotuba yoyote. Mvulana mwenye baiskeli ataleta madumu manne ya maji kwa safari moja, kazi ambayo dada yake huifanya kwa kichwa kwa safari nne. Mvulana anaweza kusonga ugali na kukaa na mdogo wake. Binti apate saa mbili za mchana, kukiwa na mwanga, ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kumtuma.

Mvulana naye ana mtego wake. Mtego huo ni msimu wa mavuno. Katika kata za mpunga vijana wanahitajika kuamia ndege, na katika kata nyingine kuna mahindi ya kubeba, mnada wa kila wiki, matofali ya kufyatua na pikipiki ya kukodi. Kijana kulisaidia shamba la familia yake ni jambo jema na ni sehemu ya malezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimdhuru kiafya wala kumzuia kusoma. Tatizo huanza pale nusu siku ya shamba la nyumbani inapogeuka kuwa kibarua cha kutwa kwa mtu mwingine. Kijana wa miaka 15 aliyezoea kupokea fedha taslimu kila jioni kwa miezi mitatu ataona dawati ni hasara. Mzazi anayezifurahia fedha hizo sasa ajiulize kama ataweza kuzikataa siku kengele itakapogongwa.

Kwa binti, hatari ni nzito zaidi, nayo haipaswi kuzungumzwa kwa mafumbo. Ugonjwa wa ebola ulipoingia Sierra Leone mwaka 2014, shule zilifungwa kwa takribani miezi tisa hadi Aprili 2015. Zilipofunguliwa, wasichana wengi walikuwa wajawazito au wamekwisha kuolewa. Hawakuambukizwa virusi vya ebola, lakini mlipuko ule uliwapokonya masomo kwa njia nyingine: walikuwa nyumbani bila uangalizi, familia zilikuwa zimeishiwa, na walikuwepo wanaume wenye fedha kidogo za kutoa. Mazingira hayo hayako mbali na yetu. Binti anatumwa dukani saa moja usiku. Anakwenda mashineni peke yake. Dereva anampa lifti leo, kesho anamnunulia chipsi, keshokutwa anamtumia vocha. Kila hatua inaonekana ndogo.

Mwanafunzi aliyepata ujauzito alipoteza nafasi yake katika shule ya kawaida kwa utaratibu uliokuwepo mwaka 2020, hata kama alikuwa wa kwanza darasani. Kwa upande wa mwanamume, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari mimba. Pamoja na ukali huo, mashauri mengi hufa kabla ya kufika mahakamani kwa sababu familia mbili zimekaa chini ya mwembe na kukubaliana ng'ombe. Makubaliano hayo hayamrudishii binti chochote. Mzazi anayeyapokea anamlinda aliyemwumiza mwanawe.

Hatua za kuchukua ni hizi, na mpangilio wake una maana. Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono afikishwe kituo cha afya mara moja, kabla ya kuoga na kabla ya nguo zake kufuliwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyosaidia. Ndani ya muda huohuo anaweza pia kupewa dawa ya kuzuia mimba. Taarifa ipelekwe polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako hutolewa fomu ya PF3. Asiyeweza kufika, au anayehofia kuonekana, apige namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi malipo. Namba hiyo mtoto mwenyewe anaruhusiwa kuipiga, na inafaa kila kijana aikariri kama anavyokariri jina la shule yake.

Chakula, mazoezi na kinga

Mwili wa kijana balehe unakua kwa kasi, na kasi hiyo inataka chakula. Waliokuwa wakipata uji au makande shuleni waliukosa mlo huo, na waamkao kwa kuchelewa huruka kifungua kinywa kabisa. Kwa wasichana walioanza hedhi, upungufu wa damu ndio wa kuangaliwa zaidi. Si lazima nyama. Dagaa, maharage, kunde, mchicha na matembele vina madini ya chuma, na chuma cha mboga na nafaka huingia mwilini vizuri zaidi kikiliwa pamoja na chungwa, ndimu au papai. Chai ya rangi inywewe saa moja kabla au baada ya mlo, kwani ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya madini hayo.

Binti aliye nyumbani bado anahitaji sabuni na taulo za kike au vitambaa safi kila mwezi, na mara nyingi huona aibu kuomba. Vitambaa vinavyofuliwa vianikwe juani. Kuvikausha chini ya godoro ili visionekane ni kukaribisha maambukizi.

Kuhusu mazoezi, kijana anahitaji angalau dakika 60 kwa siku za shughuli inayoharakisha mapigo ya moyo. Kulima na kuteka maji vinahesabiwa. Michezo iliruhusiwa tena kuanzia Juni 1, na ni vyema vijana wapate mpira wao. Ila wakae mbalimbali wanapopumzika, wasichangie chupa ya maji, na wanawe mikono kabla ya kuingia nyumbani. Wasichana nao wapewe muda wa rede na kamba. Mchezo ni haki ya mwili wao pia, na katika ratiba nyingi ndicho kitu cha kwanza kufutwa.

Kijana anaweza asiumwe, lakini akamletea bibi yake ugonjwa. Hapa ipo nafasi nzuri ya kuunganisha kinga na ile ari inayotafutwa. Badala ya kumhubiria kuhusu kunawa, akabidhiwe kibuyu chirizi cha nyumba: akichonge mti wake, akifunge kamba, ahakikishe kina maji na sabuni kila asubuhi, na awafundishe wadogo zake kunawa kwa sekunde 20. Barakoa za vitambaa za familia ziwe chini yake, zifuliwe na kupigwa pasi kila siku. Vilevile awe msemaji wa nyumba kuhusu habari za ugonjwa. Vijana ndio wanaosambaza uvumi wa magrupu kwa haraka kuliko wote, na ndio hao wanaoweza kuuzima, wakipewa kazi ya kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo na kuuliza kabla ya kusambaza. Kijana mwenye wajibu unaotegemewa na watu wengine huamka kwa hiari kuliko mwenye wajibu wa kutii tu.

Neno moja kwa wanaojifukiza: sufuria la maji yanayochemka ndani ya blanketi ni hatari. Mtoto asiachwe peke yake nalo.

Moyo unapoelemewa

Kununa kwa siku mbili ni kawaida ya umri. Kinachopaswa kumshtua mzazi ni mabadiliko yanayodumu kwa takribani wiki mbili mfululizo: kijana aliyekuwa mchangamfu anajitenga, halii tena njaa au anakula bila kiasi, hasira haziishi, mpira alioupenda haumvutii, usiku hapati usingizi. Kwa kawaida hatasema ana huzuni. Atasema kichwa kinauma, tumbo linasokota, au "nimechoka tu." Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba nusu ya matatizo yote ya afya ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14, na mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Sonona ni ugonjwa na ina tiba. Kuiita kiburi, au kuipeleka kwa mganga, ni kuichelewesha.

Mazungumzo na kijana huenda vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Kumwita sebuleni, kumketisha na kumtazama usoni humfunga mdomo. Kupukuchua naye mahindi au kurekebisha naye uzio humfungua, kwa sababu macho yana pa kutazama na kimya hakiogopeshi. Mzazi aulize kidogo na asikilize sana, na asikimbilie kulinganisha taabu ya mtoto na shida za zamani za kutembea kilomita kumi kwenda shule. Baba wa mvulana afanye hivi pia. Imezoeleka kwamba mazungumzo ya moyo ni ya mama na binti, na wavulana wengi hukua bila kuulizwa hata mara moja wanaendeleaje.

Kijana akitamka kwamba maisha hayana maana, au kwamba afadhali asingekuwepo, achukuliwe kwa uzito. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitoa kifuani. Asiachwe peke yake. Sumu za mazao na za panya, ambazo katika nyumba nyingi hukaa uvunguni au darini, zifungiwe mahali asipopafikia siku hiyohiyo, na apelekwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Afisa Ustawi wa Jamii hupokea familia za namna hii bila malipo na bila kuhitaji barua ya mtu yeyote. Anayehofu kufika ofisini aanze kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye anajua pa kumwelekeza.

Chanjo iliyosahaulika

Lilikuwepo jambo moja ambalo kufungwa kwa shule kulilificha. Kuanzia Aprili 2018, wasichana wenye umri wa miaka 14 walipewa bila malipo chanjo ya HPV ya kuwakinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Wakati huo chanjo ilitolewa mara mbili, dozi ya pili ikifuata miezi sita baada ya ya kwanza. Wasichana wengi walipata dozi ya kwanza shuleni, wakiwa wamepanga foleni na wenzao, na walikuwa wakitarajia wauguzi warudi shuleni kwa ajili ya ya pili. Shule zilifungwa, lakini chanjo haikufungwa: ilitolewa pia katika zahanati, vituo vya afya na hospitali.

Binti aliyechanjwa mwishoni mwa mwaka 2019 alifikisha miezi yake sita katika kipindi hicho. Binti aliyetimiza miaka 14 tangu Januari na hakuwa amechanjwa kabisa aliweza kuanza wakati huo. Mzazi alipaswa kumpeleka zahanati iliyo karibu asubuhi, akiwa na barakoa na kadi ya chanjo. Kadi ikiwa imebaki shuleni au imepotea, alipaswa kwenda hivyohivyo na kutaja shule na mwezi aliochanjwa, ili mhudumu aangalie kwenye rejesta.